Kwa nini picha haijibu inapoguswa, na namna ya kupata chanzo

Mtu anapogusa picha kwenye kioo cha simu, mguso wake haufiki kwenye picha moja kwa moja. Mfumo endeshi huupokea kwanza na kulikabidhi dirisha la programu, kisha dirisha huushusha kutoka kipengele mzazi hadi kipengele mtoto, na kila kipengele kilicho njiani kina nafasi ya kuuchukua, kuuzuia au kuuacha upite. Picha inapokataa kujibu, wasanidi wengi huanza kukagua msimbo unaopaswa kufanya kazi baada ya mguso, ilhali mara nyingi msimbo huo hauna kosa lolote, haukuitwa tu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata dalili, na katika kila dalili swali la kwanza ni lile lile: mguso uliishia wapi?

Kuthibitisha kama mguso umefika

Kabla ya kubadilisha chochote, andika mstari mmoja wa logi (maandishi ambayo programu humwonyesha msanidi inapoendeshwa) mwanzoni kabisa mwa msimbo unaopokea mguso, juu ya masharti yote, kisha gusa picha. Logi ikionekana, mguso umefika na kosa liko katika yale yanayofuata. Isipoonekana, weka mstari kama huo kwenye mzazi wa picha, halafu kwenye mzazi wa mzazi, mpaka ukipate kipengele cha mwisho kilichouona mguso. Kizuizi kitakuwa kati yake na picha.

Katika simu za Android, chaguo za wasanidi programu zina swichi mbili zinazostahili kuwashwa wakati wote wa kazi hii: moja huonyesha nukta pale kidole kilipogusa, na nyingine huchora mipaka ya kila kipengele kwenye skrini. Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu za iOS, mfumo wa iPhone, humruhusu msanidi kuisimamisha programu na kuitazama skrini kwa ubavu, tabaka juu ya tabaka, hivyo kipengele kilicholala juu ya picha huonekana waziwazi hata kama hakina rangi. Katika Flutter, zana ya kuandika programu za Android na iOS kwa msimbo mmoja, ukiwasha debugPaintPointersEnabled, vipengele vinavyofikiwa na mguso hupakwa rangi kila vinapoguswa.

Fanya majaribio haya kwenye simu halisi. Kishale cha kipanya katika simu ya kuigiza hugusa nukta moja bila kutikisika, na kidole cha binadamu hakifanyi hivyo.

Picha haijibu kabisa

Chanzo cha kwanza ni kwamba picha, kwa asili yake, ni kitu cha kutazamwa. Katika iOS, kipengele cha UIImageView huanza maisha yake kikiwa na isUserInteractionEnabled yenye thamani ya false, tofauti na vipengele vingi vingine. Unaweza kukiwekea kitambuzi cha mguso kwa usahihi kabisa, programu ikakubali bila onyo, na bado kisipokee kitu mpaka thamani hiyo igeuzwe kuwa true. Thamani hiyo hiyo ikizimwa kwa mzazi, watoto wake wote hukosa mguso, hata wale ambao wao wenyewe wameruhusiwa. Katika React Native, zana nyingine ya namna ya Flutter, Image haina kabisa sifa ya onPress. Ukiiandika hapo hakuna kitakachotokea, kwa hiyo picha sharti ifungiwe ndani ya Pressable au kipengele cha jamii hiyo. Katika Flutter, Image hufungiwa ndani ya GestureDetector au InkWell. Android ina ukarimu zaidi, kwa kuwa ukiita setOnClickListener juu ya ImageView, kipengele hicho hugeuzwa papo hapo kuwa cha kubofyeka.

Ikiwa hayo yote yako sawa, tazama kilicho juu ya picha. Kipengele kisichoonekana kinaweza kumeza mguso wote, na katika jambo hili mifumo haifanani. Android huendelea kupeleka mguso kwa kipengele ambacho alpha yake, yaani kiwango cha kuonekana kwake, imeshushwa hadi 0, mradi hakijafichwa kwa INVISIBLE au GONE. iOS hukiruka kipengele ambacho alpha yake iko chini ya 0.01. Msanidi anayekififisha kipengele polepole hadi kipotee machoni, kisha akakisahau pale pale, atakuta picha zinajibu kwenye iPhone na zimekufa kwenye Android. Niliwahi kupoteza alasiri nzima nikichambua msimbo wa matunzio ya picha uliokuwa mzima kabisa, kumbe tabaka la kusubiria, lile linaloonyesha duara linalozunguka, lilikuwa limefifishwa tu baada ya picha kupakiwa, nalo bado limeifunika skrini yote. Kipengele kilichofungwa kwa setEnabled(false) nacho kina mtego wake: ikiwa ni cha kubofyeka, hakitafanya kazi yoyote, lakini kitaendelea kuuchukua mguso ili usifike chini yake.

Suluhisho ni kukiondoa kabisa kipengele kilichomaliza kazi. Kama ni cha pambo na lazima kibaki, kipitishe mguso: katika React Native sifa ya pointerEvents hupewa thamani ya none, katika Flutter kipengele hufungiwa ndani ya IgnorePointer. Usichukue AbsorbPointer kwa kufananisha majina, kwa maana huyo hufanya kinyume: huwazuia watoto wake na pia huuzuia mguso usifike kwa vilivyo nyuma yake.

Chanzo kingine ni picha kuchungulia nje ya mipaka ya mzazi wake. Alama ndogo iliyobandikwa kwenye pembe ya picha kubwa, ikatokeza nusu nje, huonekana yote, ila nusu ya nje haijibu. Hii ni kwa sababu utafutaji wa kipengele kilichoguswa huanza kwa mzazi, na nukta ikiwa nje ya mzazi, watoto hawaulizwi. Katika Flutter, kuweka Clip.none kwenye Stack huruhusu mchoro utokeze bila kuruhusu mguso uufuate. Mpanue mzazi badala ya kuhangaika na mtoto.

Mwisho katika dalili hii, angalia ukubwa. Picha inayotoka kwenye mtandao na kupimwa kwa kufuata yaliyomo huwa na urefu na upana wa 0 mpaka ipakiwe, na upakiaji ukishindwa hubaki hivyo. Mipaka iliyochorwa kwenye skrini itakuonyesha jambo hili kwa mtazamo mmoja.

Mwanzo wa mguso unaonekana, lakini kusogea na kuinua kidole havionekani

Dalili hii ni ya Android, na huwakuta wanaotumia setOnTouchListener, yaani msikilizaji wa mguso, ili kuiburuta picha. Msimbo hupokea ACTION_DOWN (taarifa kwamba kidole kimeshuka) mara moja, kisha kimya. Thamani inayorudishwa na msikilizaji ni jibu kwa swali la mfumo: je, unautaka mguso huu? Ukijibu false katika ACTION_DOWN, na picha yenyewe si ya kubofyeka, mfumo huelewa kwamba hakuna anayeuhitaji, na haukuletei tena sehemu zilizobaki za mguso huo. Rudisha true tangu mwanzo. Ndiyo maana pia kosa hili hujificha: kama picha iliwahi kupewa setOnClickListener mahali pengine, ni ya kubofyeka, na jibu la false halileti madhara yanayoonekana. Msanidi anapouondoa mstari huo siku nyingine kwa kudhani hauna kazi, kuburuta kunakatika ghafla.

Picha inajibu mara moja moja, au inabaki imefifia baada ya kuguswa

Hapa mguso unafika, ila kuna mwingine anayeugombea. Picha iliyo ndani ya orodha inayosogezwa hushirikiana na orodha hiyo kidole kimoja. Orodha hutazama mwendo wa kidole, na kikisogea kupita kiasi fulani, ambacho kwa kawaida ya Android ni 8 dp (dp ni kipimo kisichotegemea msongamano wa pikseli za skrini), hutwaa mguso na kuipelekea picha ACTION_CANCEL (mguso umeghairiwa) badala ya ACTION_UP (kidole kimeinuliwa). Mtumiaji ambaye kidole chake huteleza kidogo anapogusa ataona picha haimsikii.

Kutwaliwa huko pia ndiko kunakoacha picha imefifia. Msimbo uliififisha kwenye ACTION_DOWN na kungoja ACTION_UP ili kuirudisha, lakini ACTION_UP haikuja kamwe. Kila mahali unaposhughulikia mwisho wa mguso, shughulikia na kughairiwa kwake. Katika iOS ni touchesCancelled, katika Flutter ni onTapCancel. Kwa maoni yangu, msimbo wa mguso usiotaja kughairiwa haujakamilika, hata kama haujaleta malalamiko bado.

Ugomvi huwa mkali zaidi pale picha inapokuzwa kwa vidole viwili ndani ya kurasa zinazotelezeshwa kando. Mtumiaji anataka kuisogeza picha aliyoikuza, kurasa zinadhani anataka picha inayofuata. Android ina requestDisallowInterceptTouchEvent, ambayo mtoto huitumia kumwomba mzazi asiutwae mguso. Ombi hili hudumu kwa mguso mmoja tu, hivyo lazima litolewe upya kila kidole kinaposhuka. Utaratibu unaowaridhisha watumiaji ni kumzuia mzazi wakati picha imekuzwa na ukingo wake haujafikiwa, kisha kumwachia ukingo ukifika, ili telezo linaloendelea ligeuze ukurasa.

Kuna pia sababu isiyohusiana na ugomvi wowote, nayo ni udogo wa picha. Mwongozo wa Material unataka eneo la kugusa lisipungue 48 kwa 48 dp, na Apple hupendekeza 44 kwa 44 pt, kipimo chake cha aina hiyo hiyo. Aikoni ya 24 dp inaweza kubaki na ukubwa huo machoni na bado ikapata eneo pana la kugusa, ama kwa kuiongezea nafasi ya ndani, ama kwa hitSlop katika React Native, ama kwa kuandika upya point(inside:with:) katika iOS. Katika Jetpack Compose, zana ya Android ya kuunda skrini kwa msimbo, mpangilio wa maneno ndio unaoamua: clickable ikitangulia padding, nafasi hiyo ya ziada hujibu mguso, padding ikitangulia, haijibu.

Katika orodha, picha inayofunguka siyo iliyoguswa

Orodha ndefu hazitengenezi kipengele kipya kwa kila picha, bali hukichukua kile kilichotoka nje ya skrini na kukivisha picha nyingine. Msikilizaji aliyeshika namba ya nafasi wakati kipengele kinavishwa anaweza kubaki na namba iliyopitwa, hasa baada ya kitu kufutwa au kuongezwa katika orodha. Katika RecyclerView, kipengele cha orodha cha Android, uliza nafasi wakati wa mguso wenyewe kwa getBindingAdapterPosition, na ukague kwamba haikurudisha NO_POSITION. Bora zaidi, tumia kitambulisho cha picha na uachane na nafasi.

Dalili pacha ni mguso mmoja kufungua skrini mara tatu au nne, na idadi kuongezeka kadiri orodha inavyosogezwa. Hili hutokea msikilizaji mpya anapoongezwa kila kisanduku cha orodha kinapovishwa upya, bila wa zamani kuondolewa, hivyo wakarundikana juu ya kisanduku kimoja. Mwongeze mara moja tu, kisanduku kinapoundwa.

Na kama una picha tano zisizo katika orodha, zote zimepewa kitambuzi kimoja, na ni ya mwisho pekee inayojibu, ufafanuzi ni mfupi: katika iOS kitambuzi kimoja huishi kwenye kipengele kimoja, na kukiongeza kwingine ni kukiondoa kilipokuwa.

Picha inajibu, lakini mahali pasipo sahihi

Hii ndiyo dalili inayostahili subira kuliko zote, nayo hujitokeza pale picha moja inapokuwa na sehemu nyingi za kugusa: ramani, mchoro wa mwili wa binadamu, mpango wa viti. Tatizo ni kwamba kuna vipimo viwili tofauti, cha kipengele na cha picha iliyomo ndani yake, na mguso huletwa kwa kipimo cha kipengele.

Chukua picha ya pikseli 1200 kwa 800 iliyowekwa katika kipengele cha 360 kwa 360 na kuagizwa ienee yote bila kukatwa. Uwiano wa kupunguza ni 360 kugawanya kwa 1200, yaani 0.3, hivyo picha inachukua 360 kwa 240, na nafasi tupu ya 60 inabaki juu na nyingine 60 chini. Mtumiaji akigusa nukta ya 180 kwa 90, mahali hapo katika picha ni 180 kugawanya kwa 0.3, yaani 600, na 90 kutoa 60, ambayo ni 30, kugawanya kwa 0.3, yaani 100. Msanidi anayeisahau nafasi tupu atapata 300 badala ya 100, na kila sehemu ya ramani yake itaonekana imehama kwenda juu, kwa kuwa mguso husomwa chini zaidi ya ulipo. Mwelekeo wa kuhama ni ushahidi wa chanzo: kosa lililo sawa kila mahali ni la nafasi tupu, na kosa linaloongezeka kadiri unavyosogea mbali na pembe ya juu kushoto ni la uwiano.

Picha ikiweza kukuzwa na kusogezwa, usijaribu kufuatilia hesabu hizo kwa mkono. Katika Android chukua getImageMatrix, igeuze kwa invert, kisha uipitishie nukta kwa mapPoints. Kama kipengele kina nafasi ya ndani, itoe kwanza. Katika Flutter, InteractiveViewer inayo toScene kwenye kidhibiti chake. Hakikisha pia unasoma nukta inayopimwa kutoka kwenye kipengele chenyewe, kama getX au localPosition, na si ile inayopimwa kutoka pembe ya skrini, kama getRawX au globalPosition.

Hata hapo mtego mmoja umebaki. Picha iliyo kwenye kumbukumbu ya simu huenda isiwe na vipimo vya faili la asili, kwa sababu maktaba za kupakia picha huipunguza ili kuokoa nafasi, na Android huibadilisha ukubwa kulingana na folda ilimowekwa na msongamano wa pikseli za skrini. Mipaka ya sehemu iliyopimwa kwenye faili la asili itakuwa sahihi kwenye simu ya msanidi na potofu kwenye simu nyingine. Hifadhi mipaka kama sehemu za moja: mstari ulio katikati ya picha uandikwe 0.5, na si pikseli 600.

Mguso unaweza pia kupotea mahali kwa sababu ya uhuishaji. Uhuishaji wa zamani wa Android, mfano TranslateAnimation, husogeza mchoro tu. Kipengele chenyewe kinabaki kilipokuwa, na mtumiaji hulazimika kugusa mahali patupu ili picha iliyohama ijibu. Tumia ObjectAnimator, iliyokuja na Android 3.0 mwaka 2011, ambayo hubadilisha sifa za kipengele chenyewe. Katika iOS hali ni ya namna nyingine: UIView.animate hukipeleka kipengele kwenye kituo chake cha mwisho tangu sekunde ya kwanza, na isitoshe hukizuia kisiguswe mpaka safari iishe, isipokuwa umeweka chaguo la allowUserInteraction.

Kuhusu picha zenye umbo lisilo la mstatili, kumbuka kwamba pembe zake angavu bado ni sehemu ya kipengele. Ukitaka ziache kujibu, soma pikseli iliyoguswa na uupuuze mguso ikiwa haina rangi; lakini ulegeze mpaka kidogo, kwa kuwa kidole hakilengi pikseli.

Picha inajibu kwa kuchelewa

Ucheleweshaji mdogo usiobadilika, karibu theluthi moja ya sekunde, mara nyingi hutokana na kusikiliza mguso mmoja na mguso wa mara mbili kwenye picha moja. Mfumo hauwezi kujua kama mguso wa kwanza umekamilika mpaka muda wa kungoja wa pili upite, na muda huo katika Android na Flutter ni milisekunde 300. Hakuna ujanja wa msimbo utakaouondoa. Amua kama mguso wa mara mbili una thamani hiyo.

Ucheleweshaji usiotabirika ni jambo lingine: uzi mkuu wa programu, yaani mfululizo wa kazi unaochora skrini na kupokea miguso, una kazi nzito. Picha ya 4000 kwa 3000 ikifunguliwa kwa baiti 4 kwa kila pikseli huchukua baiti milioni 48, na kuifungua ndani ya uzi mkuu huzuia kila mguso unaokuja wakati huo. Uzi huo ukishindwa kuupokea mguso kwa sekunde 5, Android humtangazia mtumiaji kwamba programu haijibu. Hamishia ufunguaji kwenye uzi wa nyuma, na uifungue picha kwa ukubwa unaohitajika na skrini.

Kazi inafanyika, ila picha haionyeshi kwamba imeguswa

Wimbi la rangi linaloonyesha kwamba kipengele kimeguswa huchorwa nyuma ya picha, nayo picha hulifunika. Katika Android liweke kwenye foreground, ambayo vipengele vyote vinayo tangu Android 6.0, katika Flutter tumia Ink.image, au weka InkWell yenye Material yake juu ya picha ndani ya Stack. Katika iOS, ikiwa rangi haibadiliki pale tu mguso unapokuwa wa haraka ndani ya eneo linalosogezwa, kagua delaysContentTouches.

Inajibu kidole lakini haimjibu anayetumia kisoma skrini

Mtumiaji wa TalkBack au VoiceOver, visoma skrini vya Android na iOS, huchagua kipengele kwanza, kisha hugusa mara mbili popote kwenye kioo, na programu hupokea amri ya kubofya badala ya mguso wa kawaida. Msimbo uliowekwa wote ndani ya onTouch hauisikii amri hiyo. Hamishia kazi kwenye onClick, na kidole kinapoinuliwa ndani ya onTouch uite performClick. Ipe picha contentDescription inayosema kitakachotokea. Katika iOS, UIImageView haihesabiwi kuwa kitu cha kusomwa mpaka isAccessibilityElement iwe true, na bila sifa ya kitufe katika accessibilityTraits mtumiaji hataambiwa kwamba inaweza kubofywa. Kama kazi ya picha ni kubofywa tu, bila kuburutwa wala kukuzwa, ningeibadilisha iwe ImageButton au UIButton, kwa kuwa vipengele hivyo huja na sehemu kubwa ya haya yakiwa tayari.